Mvua ya Kwanza Isitudanganye



Naomba nafasi katika sehemu ya Kiswahili ya gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu twaliona kila mwaka shule inapofunguliwa, lakini hatulizungumzi. Jambo lenyewe ni hili. Watu wengi wa Rumonge na wa pwani yetu ya Ziwa Tanganyika hupanda kwa kufuata kalenda na mvua ya kwanza. Mimi naona yafaa wapande kwa kufuata maji yaliyomo udongoni. Najua wako watakaocheka, kwa kuwa mimi ni mwanafunzi tu, na waliolima miaka arobaini ni wengi. Hata hivyo nawaomba wasome mpaka mwisho, kisha wajibu.

Kila mtu wa hapa anajua majira yetu. Mvua hukatika mwezi wa Mei, au mapema Juni, na hurudi Septemba au Oktoba. Muda huo wa ukavu twauita Ici. Mvua zikirudi, watu huanza kilimo cha Agatasi, na baadaye, tangu Februari, kilimo cha Impeshi. Kwa mwaka mzima uwanda wetu wa Imbo hupata mvua ya milimita 800 hadi 1,100 hivi. Milima inayotutazama kutoka mashariki hupata zaidi. Tena huku chini karibu na ziwa joto ni kali kuliko kule juu, na upepo wa kusi huvuma miezi yote ya Ici na kukausha kila kitu. Basi mwisho wa Agosti udongo wetu ni kama mtungi mtupu.

Katika kitabu cha jiografia tulisoma habari za wakulima wa Marekani. Kwao mwezi wa Agosti mahindi yako shambani, nayo yanajaza punje. Ukame ukiwapiga wakati huo, mavuno huharibika mwishoni. Sisi mambo yetu ni kinyume. Agosti mashamba yetu mengi ya nchi kavu yako wazi, na hakuna cha kuharibika. Kwa hiyo wengi hudhani kwamba hali ya hewa ya mwisho wa Ici haina maana, na kwamba kazi huanza siku mvua inaponyesha. Mimi nasema sivyo. Jinsi Ici inavyokwisha ndiyo huamua kama mbegu itaota au itakufa. Na kwa mchikichi, ndiyo huamua mavuno ya miaka miwili mbele.

Nianze na maharagwe, kwa kuwa ndiyo chakula cha kila nyumba.

Mbegu ya haragwe ikilala kavu haidhuriki. Ikipata unyevu, hunywa maji, huvimba, na mzizi huanza kutoka. Kuanzia hapo haiwezi kurudi nyuma. Udongo ukikauka kabla mzizi haujafika chini, mbegu hiyo imekwisha, wala mvua ya wiki inayofuata haiifufui. Huchukua siku 5 hata 7, pengine zaidi, kabla mche haujatokeza juu.

Sasa tufanye hesabu ndogo ya darasani. Mvua ya milimita 1 ni sawa na lita 1 ya maji katika kila meta moja ya mraba. Tuseme mvua ya kwanza ya Septemba ni milimita 10. Ni mvua nzuri, inanukia, vumbi linatulia, na watu wote wanatoka na majembe. Shamba limepata lita 10 katika kila meta ya mraba. Lakini katika nchi ya joto kama yetu siku moja ya jua na upepo huweza kuondoa milimita 4 au 5 katika udongo uliolowa. Baada ya siku 3 maji yale yamekwenda. Mbegu inahitaji siku 5 au 7. Yeyote anayejua kutoa na kujumlisha ataona mwisho wake.

Jambo hili si la vitabuni tu. Mwaka juzi mama yangu na majirani zake chini ya kilima walipanda maharagwe siku ya pili baada ya mvua ya kwanza, wote kwa pamoja, kwa maana kila mmoja aliogopa kubaki nyuma ya mwenziwe. Kisha zikapita siku kumi na mbili za jua tupu. Tulipofukua mistari tulikuta mbegu zimevimba, nyingine zimepasuka na kuwa nyeusi. Ilibidi mbegu nyingine zinunuliwe sokoni wakati kila mtu anazitafuta, na bei ilikuwa imepanda. Tena Septemba ndio mwezi wa kufungua shule. Fedha zilizonunua mbegu mara ya pili zilikuwa za madaftari na sare. Mdogo wangu wa kike alianza masomo wiki tatu baada ya wenzake. Mama yangu ni mkulima hodari na hakukosa lolote ambalo wengine hawakulifanya. Desturi ndiyo iliyomponza.

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini hawakusema kwamba mawingu ni dalili ya mavuno. Wao hao walisema tena, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maji ya mkulima yako mvunguni, yaani chini ya udongo, na anayetaka kuyajua hana budi kuinama.

Namna ya kuinama ni rahisi. Chukua jembe, chimba shimo la kina cha shubiri moja. Chota udongo wa chini kabisa ya shimo, uufinye katika kiganja kwa nguvu, kisha fungua mkono. Ukimwagika kama unga, bado ni mkavu, rudisha mbegu nyumbani. Ukishikamana kama tonge, na ukiubonyeza kwa kidole gumba unavunjika vipande, panda. Ukitoa maji au ukinata mkononi kama udongo wa mfinyanzi, ngoja upungue maji, kwa sababu haragwe huoza katika matope kama linavyokufa katika vumbi.

Lakini ni lazima kila mtu apime shamba lake mwenyewe, asitegemee la jirani. Udongo wetu si wa namna moja. Karibu na ziwa ni mchanga. Mvua ya milimita 25 huzama katika mchanga karibu sentimeta 30, na mtu hufurahi kuona unyevu umekwenda mbali. Kumbe mchanga haushiki maji mengi, hukauka upesi. Mvua hiyohiyo katika udongo mzito wa mfinyanzi huishia sentimeta 10 au 12 tu, bali udongo huo hushika maji kwa muda mrefu zaidi. Basi mwenye shamba la mchanga angoje mvua zifuatane, ndipo apande. Mwenye udongo mzito angoje mvua iwe kubwa. Siku moja haiwezi kuwafaa wote wawili, hata kama mashamba yao yanapakana.

Wataalamu wa hali ya hewa wanayo kanuni wanayoitumia katika nchi nyingi za Afrika ili kujua kama majira ya mvua yameanza kweli. Husema, siku kumi zipate jumla ya milimita 25 au zaidi, na siku 20 zinazofuata zipate milimita 20 au zaidi. Mtaona kwamba kanuni hii haiulizi mvua ilinyesha tarehe gani kwa mara ya kwanza. Inauliza kama mvua ilitosha na kama iliendelea.

Sasa nawajibu wazee, maana nimewasikia wakisema, "Atakayechelewa atakuta rutuba imekwenda." Katika neno hili wazee hawakosei. Udongo uliokauka miezi mitatu ukilowa kwa mara ya kwanza, vijidudu vyake visivyoonekana kwa macho huamka na kutoa chakula kingi cha mimea, na mvua kubwa zinazofuata hukisukuma chini ambako mizizi michanga haifiki. Tena anayechelewa mno hukutwa na mapumziko ya mvua ya Januari kabla mazao yake hayajakomaa. Kwa hiyo simwambii mtu achelewe. Namwambia awe tayari. Alime mapema, achague mbegu mapema, aziweke karibu, na siku udongo unaposhikamana kama tonge asilale. Aliye tayari hapotezi hata siku moja. Aliyeharakisha hupoteza mbegu, na kuanza tena ni kuchelewa mara mbili.

Nasema tena: mtu asitie mbegu zake zote ardhini siku moja. Azigawe mafungu mawili au matatu, kila fungu wiki yake. Fungu la kwanza likifa, la pili litamlisha. Muhogo nao hauna haraka. Ukishashika mizizi huvumilia ukavu kuliko haragwe na mahindi, ndiyo maana ugali wake hauishi katika nyumba zetu. Lakini kipandikizi cha muhogo nacho kinahitaji unyevu katika wiki zake za kwanza, kwa hiyo shimo la shubiri lafaa kwake pia.

Nije kwa mchikichi, ambao ndio umeifanya Rumonge ijulikane. Mtu akisema Rumonge katika soko la Bujumbura, watu hufikiri mawese. Hapa ndipo makosa ya kusoma mbingu badala ya udongo yanapogharimu zaidi, kwa sababu mchikichi hausemi siku ileile unapoumia.

Mchikichi asili yake ni Afrika ya Magharibi, katika nchi za mvua nyingi. Hupenda mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, iliyogawanyika vizuri, na mwezi unaopata chini ya milimita 100 huuhesabu kuwa mwezi wa shida. Sisi twaupa karibu nusu ya hiyo, na miezi mitatu au minne hatuupi kitu. Unaishi kwetu kwa kuvumilia, na ile iliyo karibu na mito kama Dama na Murembwe husaidiwa na maji ya chini.

Ndani ya shina, juu kabisa katika kwapa la kila jani, kuna kichipukizi cha ua. Ua hilo laweza kuwa la kike, likazaa mkungu, au la kiume, lisizae kitu. Jambo hilo huamuliwa mapema sana, miaka miwili hivi au zaidi kabla ya siku ya kuvuna. Mti ukiona kiu wakati huo, hutoa maua mengi ya kiume. Kisha kuna hatari ya pili. Miezi kumi hivi kabla ya mavuno, ua changa likikosa maji huweza kukauka kabla halijatokeza. Na mkungu wenyewe, tangu ua kufunguka, huchukua miezi 5 au 6 kuiva.

Maana yake ni hii: Ici ikiwa ndefu mwaka huu, mwaka huu hutaona neno kubwa. Utaona majani machanga yamesimama kama mikuki bila kufunguka, basi. Hasara yenyewe utaikuta mwakani, na nyingine mwaka wa kesho kutwa, pengine katika mwaka wa mvua nzuri kabisa, wakati ambapo hakuna anayekumbuka tena ile Ici ndefu.

Ndivyo ilivyo kwa baba yangu mdogo. Mvua zimekuwa nzuri, lakini mikungu yake imepungua, na maua ya kiume yamejaa. Yeye anasema miti imechoka, au imerogwa, naye anataka kuikata apande muhogo. Nilimwuliza kwa heshima, "Baba mdogo, Ici ya mwaka juzi ilikwisha lini?" Alifikiri sana, kisha akajibu, "Nani aandike mambo hayo?" Jibu lake hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Miti yake haijafika umri wa kukatwa. Mchikichi wa shamba huzaa vizuri mpaka karibu miaka 25, halafu huwa mrefu mno kwa mvunaji, na hapo kuubadilisha ni busara. Lakini akiukata leo kwa kosa la ukame uliokwisha pita, mwingine atakaoupanda utaanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4. Miaka hiyo yote watoto wake watasoma kwa mawese ya nani?

Nisije nikadhaniwa kwamba nalalamikia ukavu peke yake. Sote tunakumbuka jinsi ziwa lilivyopanda. Wazee wanasimulia mafuriko ya 1964, na sisi wenyewe tumeona ya 2021 na ya 2024. Mwezi wa Aprili 2024 Serikali pamoja na Umoja wa Mataifa waliomba msaada kwa ajili ya watu walioharibiwa na mvua na maji ya ziwa. Mashamba ya ukingoni yalilala majini, na mizizi isiyopata hewa hufa, hata kama imezungukwa na maji. Mwaka uleule mtu wa mchanga wa kilimani huweza kulia kiu mwezi wa Septemba, na mwenziwe wa ukingoni akalia gharika mwezi wa Aprili. Hii ndiyo sababu nasema kwamba kalenda haitoshi.

Basi yafaa tufanye nini? Nina mambo manne.

Kwanza, shule yetu iweke kipimamvua. Si lazima kiwe cha kununua. Kopo lenye pande zilizonyooka na rula ya darasani vyatosha. Liwekwe juu ya nguzo, mbali na miti na mapaa, na lisomwe kila asubuhi saa ileile. Darasa moja lishike zamu kila mwezi, na hesabu iandikwe katika daftari isiyotupwa mwisho wa mwaka. Likizoni wanaoishi karibu wapokezane, kwa sababu mvua za kwanza haziingoji kengele ya shule.

Pili, hesabu hiyo ibandikwe kila Jumamosi mahali ambapo watu wa soko wanapita, kwa Kirundi na kwa Kiswahili: wiki hii milimita kadhaa, siku kumi hizi milimita kadhaa. Mkulima asiyejua kusoma atasomewa na mwanawe. Habari za majira zinazotolewa na IGEBU, na zile za kituo cha ICPAC kilichoko Kenya ambazo hutoka mwishoni mwa Agosti, ni za thamani, lakini husema juu ya nchi nzima au sehemu kubwa ya nchi. Haziwezi kujua kilichomo katika shimo la shubiri la mama yangu.

Tatu, kila mwenye michikichi awe na daftari lake mwenyewe. Aandike siku mvua ilipokatika, siku iliporudi, na mikungu aliyovuna kila mwezi. Baada ya miaka mitatu daftari hilo litamwambia kama mti umechoka kweli au ulikuwa na kiu tu. Sisi watoto tuliosoma tuwaandikie wazazi wasioweza. Ni kazi ya dakika tano kwa juma.

Nne, tuache kuchoma moto mwisho wa Ici. Kila Agosti twaona moshi katika miteremko ya Mirwa na katika mashamba. Majani yanayoungua yangeweza kutandazwa juu ya udongo yakaukinga na jua, na ile mvua ndogo ya kwanza ikakaa siku kadhaa zaidi. Makuti ya mchikichi yanayokatwa wakati wa kuvuna yapangwe kati ya mistari, yaoze palepale. Mteremko uliochomwa haunywi maji. Mvua huushukia na kuondoka na udongo wake mpaka ziwani.

Najua wako watakaosema kwamba kupima mvua ni kazi ya wataalamu, na kwamba mwanafunzi akae na vitabu vyake. Nawajibu kwamba ISABU imefanya utafiti wa kilimo katika nchi hii tangu 1962, na kazi yake ni kubwa, lakini mtaalamu hawezi kusimama katika kila shamba asubuhi ya mvua ya kwanza. Sisi tuko pale. Tumefundishwa kuzidisha na kugawanya, tumefundishwa milimita na lita. Elimu hiyo isipoweza kuokoa debe moja la mbegu za mama, wazazi wetu wana haki ya kuuliza walilipia nini.

Ici ya mwaka huu nayo itakwisha. Siku moja alasiri mawingu yatajikusanya juu ya milima, mvua itanyesha robo saa, na watu watakimbilia majembe. Wewe msomaji mwenzangu, siku hiyo mwombe mzazi wako kwa adabu akungoje kidogo. Nenda shambani, chimba shubiri moja, finya udongo, kisha rudi umwambie ulichokiona.

Mwanafunzi wa Rumonge